Wateja wangu hawaoni pindo la gauni kwenye kioo. Je, ninunue kioo kirefu zaidi?

*"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, na kwenye fremu yangu ya biashara nimetenga chumba kidogo cha wateja kujipimia nguo. Nimetundika kioo cha urefu wa sentimita 90, ukingo wake wa chini uko mita 1 kutoka sakafuni. Mteja akisimama mbele yake anajiona kuanzia kichwani hadi magotini tu. Pindo la gauni halioni. Aliyeniuzia kioo alisema ni suala la kurudi nyuma, lakini hata mteja akirudi mpaka mgongo uguse pazia hakuna kinachobadilika. Jirani yangu wa saluni ana kioo kifupi kuliko changu, na kwake mtu akirudi nyuma kidogo anaona mpaka viatu! Sasa nafikiria kununua cha futi 6, na bei yake si mchezo. Tena mteja mmoja amelalamika kwamba kioo changu kinamnenepesha. Mwanangu wa sekondari naye ananichanganya zaidi: anasema taswira haipo kwenye kioo bali nyuma yake, na kwamba kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Kama ni hivyo, mbona hakigeuzi juu kuwa chini? Naomba unieleweshe kabla sijatoa pesa."*

Marahaba, fundi. Pesa yako iweke kwanza. Kwa vipimo ulivyonipa, kioo chako si kifupi. Kimetundikwa juu mno. Kioo cha sentimita 90 kinatosha kumwonyesha mtu wa sentimita 160 mwili mzima, kuanzia utosini hadi nyayoni, na bado kikabakiza nafasi. Kwa jinsi kilivyo sasa, zaidi ya theluthi yake inamwonyesha mteja hewa iliyo juu ya kichwa chake. Nitakupa hesabu yenyewe, kwa sababu ukiishika utaweza kupanga kioo chochote bila kumtegemea muuzaji, na ndani ya hesabu hiyo hiyo tutapata majibu ya kioo cha jirani, ya mteja aliyenenepeshwa na ya mwanao, ambaye kwa sehemu yuko sahihi.

Tuanze na pale ambapo wengi hukosea. Watu huwaza kwamba jicho ndilo linalotoka kwenda kutafuta kitu, likagonga kioo na kurudi na habari. Wazo hilo lilikuwa na watetezi wakubwa miongoni mwa wanazuoni wa kale wa Ugiriki, na aliyelibomoa kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965. Alieleza kwamba kuona huanza na nuru inayotoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Kwenye chumba chako, nuru inatoka kwenye taa, inaanguka kwenye gauni, na kila uzi wa kitenge unaitawanya pande zote. Sehemu ndogo ya nuru hiyo iliyotawanyika inafika kwenye kioo, inarudishwa, na sehemu ndogo zaidi inaangukia kwenye mboni za mteja. Kwa hiyo swali la "mteja ataona nini" ni swali la "miale ipi, ikitoka wapi, itafika kwenye jicho lake".

Kioo bapa hurudisha mwale kwa kanuni moja tu. Chukua mstari unaotoka kwenye uso wa kioo kwa nyuzi 90, pale pale mwale unapogonga. Pembe iliyopo kati ya mstari huo na mwale unaoingia ni sawasawa na pembe iliyopo kati ya mstari huo na mwale unaotoka, na yote matatu, yaani mwale unaoingia, mwale unaotoka na mstari wenyewe, hulala kwenye bapa moja. Aliyecheza keramu anaijua tabia hii kwa mikono yake: kete ikipiga ukingo kwa mshazari, hurudi kwa mshazari ule ule upande wa pili. Tofauti ni kwamba kete hupunguza mwendo na ukingo wa ubao huchakaa, ilhali nuru hurudi kwa kasi ile ile, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde.

Kanuni hiyo haibagui. Inafanya kazi kwenye kitambaa, kwenye karatasi na kwenye ukuta uliopakwa chokaa pia. Ukuta mweupe huakisi nuru nyingi sana, na bado hakuna anayeweza kunyoa ndevu kwa kujitazama ukutani. Sababu ni kwamba uso wa ukuta, hata unaoonekana laini mkononi, una vilima na mabonde makubwa mno ukilinganisha na urefu wa mawimbi ya nuru, ambao ni kati ya sehemu 4 na 7 za milimita iliyogawanywa mara 10,000. Kila kilima kina mwelekeo wake, na kila kimoja hurudisha mwale kwa pembe sawa kama kawaida, lakini miale iliyokuja pamoja hutoka imesambaratika na kupoteza mpangilio wake. Kwenye kioo, tabaka jembamba la fedha au alumini lililopakwa nyuma ya bilauri, yaani kile kigae cha kioo kinachopenya nuru, ni laini kiasi kwamba miale jirani hubaki jirani. Mpangilio huo unaobaki salama ndio unaotupa taswira.

Sasa njoo kwenye pindo la gauni. Chukua mteja wa sentimita 160, ambaye macho yake yako sentimita 150 kutoka sakafuni. Ili aone nyayo zake, mwale unaotoka nyayoni lazima upande hadi kwenye kioo, uakisiwe, kisha uendelee kupanda hadi jichoni. Nyayo na macho viko umbali ule ule kutoka kwenye kioo, na pembe ya kuingia ni sawa na ya kutoka. Hivyo mwale unapanda kiasi kile kile kabla ya kugonga kioo na baada ya kugonga. Maana yake unagonga kioo katikati kabisa ya safari yake ya kupanda, yaani sentimita 75 kutoka sakafuni. Kioo kikianzia juu ya hapo, mwale huo unagonga ukuta na nyayo hazionekani. Upande wa juu ni vivyo hivyo: utosi uko sentimita 160, macho 150, na mwale kutoka utosini utagonga kioo katikati yake, sentimita 155. Kati ya 75 na 155 ni sentimita 80, nusu kamili ya urefu wa mteja. Hicho ndicho kioo kifupi kabisa kinachoweza kumwonyesha mwili mzima.

Kioo chako kinaanzia sentimita 100. Zidisha mara mbili upate 200, kisha toa urefu wa macho, 150, unabaki na 50. Mteja huyo anajiona kuanzia sentimita 50 kwenda juu, na hapo ni magotini, kama ulivyosema. Fanya hivyo hivyo kwa ukingo wa juu ulio sentimita 190: mara mbili ni 380, toa 150, unapata 230. Kumbe kioo chako kimejiandaa kumwonyesha hadi sentimita 230, ilhali yeye anaishia 160. Hizo sentimita 70 za ziada ni hewa na dari.

Angalia kwamba kwenye hesabu hiyo yote sijataja mteja amesimama umbali gani. Sijasahau, umbali haumo. Akirudi nyuma hatua mbili, nyayo na macho vyote vinarudi hatua mbili, mwale unakuwa mrefu zaidi na umelala zaidi, lakini bado unagonga kioo pale pale katikati. Najua hili halikubaliki kirahisi, kwa hiyo usinisadiki mimi, jaribu. Chukua kile kipande cha sabuni unachochorea kitambaa, simama mbele ya kioo chako, fumba jicho moja, kisha weka alama juu ya kioo pale unapoona utosi wako na nyingine pale unapoona kidevu. Pima kati ya alama hizo kwa futi yako ya kushonea, halafu pima kichwa chako chenyewe kutoka kidevuni hadi utosini. Utakuta alama zinatoa nusu ya kipimo cha kichwa. Rudi nyuma taratibu ukiwa umefumba jicho lile lile, na utaona kichwa kikibaki kinagusa alama zote mbili, hata ukifika kwenye pazia. Watu wazima wengi wamejitazama kila siku maisha yao yote na bado jaribio hili huwashangaza.

Kuna jambo moja dogo ambalo aliyekuuzia kioo angeweza kujitetea nalo. Hesabu yangu imechukulia kwamba nyayo ziko moja kwa moja chini ya macho. Vidole vya miguu na pindo pana la mbele hutangulia kidogo, na mtu akisimama karibu sana tofauti hiyo ina uzito. Akiwa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, na vidole vimetangulia sentimita 15, mwale wa vidoleni utagonga kioo kwenye sentimita 64 hivi badala ya 75. Akirudi hadi mita moja na nusu, utagonga kwenye 71 hivi. Kwa hiyo kurudi nyuma kunasaidia kidogo kuona ncha za viatu, lakini hakuwezi kuziba pengo la sentimita 25 ulilonalo.

Jirani yako je? Hapo nakisia, ila ni kisio unachoweza kwenda kulithibitisha leo. Kioo cha saluni aghalabu huning'inizwa kwa kamba au mnyororo kwenye msumari ulio juu, na kikining'inia hivyo ncha yake ya juu huinamia mbele huku ya chini ikigusa ukuta. Kioo kinachoinama mbele hutazama chini, kwa hiyo hurudisha kwenye macho miale inayotoka chini zaidi. Kwa mwinamo wa nyuzi 5 tu, ambao kwenye kioo cha urefu wa mita 1 ni ncha ya juu kutangulia sentimita 9 hivi, mteja wetu akisimama mita moja na nusu anaziona nyayo kwenye eneo la kioo lililo karibu sentimita 90 kutoka sakafuni, si 75 tena. Na kioo kikiwa kimeinama, umbali nao unaingia kwenye hesabu: kadiri anavyorudi nyuma ndivyo nyayo zinavyopanda kwenye kioo. Muuzaji wako labda amezoea vioo vya namna hiyo, akadhani ndivyo vilivyo vyote.

Kabla hujakimbilia kukiinamisha cha kwako, ujue bei yake. Mteja akitazama kioo kilichoinama mbele, anajiona kama anavyoonwa na mtu aliyesimama juu ya kijukwaa: kichwa na mabega viko karibu na mtazamaji, miguu iko mbali, na mwili unaonekana mfupi. Kioo kilichoegemezwa ukutani kwa nyuma, kikiwa kimesimama sakafuni, hufanya kinyume. Mtu hujiona kama anavyotazamwa kutoka usawa wa kifua au chini yake, miguu inaonekana mirefu na umbo jembamba. Taswira yenyewe haijapindishwa hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali inapotazamwa. Baadhi ya maduka ya nguo hupenda kuegemeza vioo hivyo, na sidhani kwamba kila mara ni kwa kukosa misumari. Kwa fundi anayetaka mteja aone gauni lilivyo na alikubali au alikatae kwa haki, kioo kisimame wima sawasawa na ukuta.

Tukija kwenye malalamiko ya unene: kioo kilicho bapa kweli hakina uwezo wa kumnenepesha mtu wala kumkondesha. Kila nukta ya mwili ina nukta yake ya taswira, iliyo mkabala nayo moja kwa moja ng'ambo ya kioo, kwa umbali ule ule. Upana wa taswira ni upana wa mtu. Lakini kioo chembamba, hasa cha milimita 3, hupinda kirahisi. Kikikazwa kwa skrubu kwenye ukuta wenye bonde katikati, au kikibanwa kwa nguvu katikati huku kingo zikiachwa zimetangulia, kinakuwa na shimo lisiloonekana kwa macho, na shimo hilo likienda kutoka kushoto hadi kulia linampanua mtu. Kikivimba katikati kuja mbele, kinamkondesha, na malalamiko ya hivyo hutayasikia. Unavyo vifaa vya kupimia: vuta uzi wa cherehani ukaze, uupitishe juu ya uso wa kioo kutoka ukingo hadi ukingo, kisha angalia kama katikati kuna upenyo. Upindaji mdogo zaidi utaugundua kwa kutazama taswira ya fremu ya mlango huku ukisogeza kichwa polepole kushoto na kulia. Kwenye kioo bapa fremu hubaki imenyooka, kwenye kioo kilichopinda hutembea kama nyoka. Ukikuta hivyo, legeza skrubu kwanza. Mara nyingi kioo hurudi kwenye unyoofu wake.

Usisahau pia taa. Taa moja iliyo nyuma ya mteja humwacha mbele akiwa giza na kumzungushia mwanga kingoni, na ile iliyo darini juu ya utosi huchora vivuli chini ya kidevu, chini ya kifua na kwenye mikunjo ya kiuno, vivuli ambavyo jicho huvisoma kama nyama. Kioo hakihitaji kumulikwa. Anayehitaji kumulikwa ni mteja. Taa mbili, moja kila upande wa kioo, zikimwelekea yeye, zitamaliza nusu ya malalamiko hayo.

Sasa mwanao. Anaposema taswira iko nyuma ya kioo, anamaanisha hivi. Miale iliyotoka kwenye kifungo kimoja cha gauni inapogonga kioo na kurudi, inarudi ikiwa inatawanyika, na ukiirefusha kwa mistari iliyonyooka kwenda nyuma, yote inakutana kwenye nukta moja iliyo ng'ambo ya kioo, umbali sawa na ule wa kifungo chenyewe. Jicho halijui kwamba miale imepinda njiani. Linaipokea kana kwamba imekuja moja kwa moja kutoka kwenye nukta ile, na linakiona kifungo huko. Nyuma ya kioo chako kuna ukuta tu, hakuna nuru yoyote huko. Ndiyo maana vitabu vya shule huiita taswira isiyo halisi, kwa kuwa ukiweka karatasi mahali hapo haitapata picha. Lakini umbali wake ni wa kweli kwa jicho na kwa kamera. Simama mita 1 kutoka kwenye kioo chenye vumbi, ushike simu, kisha gusa vumbi kwenye skrini ili kamera ililenge na kulionyesha wazi: uso wako utafifia. Gusa uso wako, na vumbi litafifia, kwa sababu vumbi liko mita 1 na uso wako uko mita 2.

Hili lina matumizi. Wapimaji wa macho wenye chumba cha mita 3 huweka ubao wa herufi juu ya kichwa cha mgonjwa na kumtazamisha kwenye kioo ukutani, naye anasoma kwa umbali wa mita 6. Nawe, chumba chako kikiwa na kina cha mita 1 na nusu, mteja anajitazama kutoka mita 3 hivi, na huo ni umbali mzuri wa kuona gauni zima kwa mkupuo. Mteja asiyeona mbali vizuri atajiona kwa ukungu hapo hata kioo kikiwa safi. Ukimwona anakunja macho kila akirudi nyuma, si kazi ya kioo. Mshauri kwa upole aende kliniki ya macho. Na mtu yeyote anayeona taswira mbili kwenye kioo, kisha akaendelea kuona vitu viwili viwili hata asipotazama kioo, aende hospitali bila kungoja. Kioo chenyewe huweza kutoa kivuli cha pili hafifu ukikitazama kwa mshazari, kwani uso wa mbele wa bilauri nao huakisi kama asilimia 4 ya nuru, lakini kivuli hicho hukaa kwenye kioo tu.

Kuhusu kulia na kushoto, mwanao amerudia kile kinachosemwa na wengi, na wewe umeuliza swali bora kuliko jibu lake. Tuseme kioo chako kiko kwenye ukuta wa kaskazini na mteja anakitazama. Akiinua mkono ulio upande wa mashariki, mkono unaoinuka kwenye kioo uko mashariki. Kichwa kiko juu, na kwenye kioo kiko juu. Hakuna kilichogeuzwa hapo. Kitu pekee kilichogeuka ni mbele na nyuma: pua yake inaelekea kaskazini, na pua ya taswira inaelekea kusini. Kioo hugeuza kina, basi. Kulia na kushoto tunaviingiza sisi, kwa sababu tukiona mtu anatutazama, akili humchukulia kama mtu wa kawaida aliyezunguka akageukia kwetu, na mtu aliyezunguka hivyo huwa mkono wake wa kulia uko mkabala na wetu wa kushoto. Kama binadamu tungekuwa na desturi ya kugeukiana kwa kusimama kwa kichwa, tungeapa kwamba kioo hugeuza juu na chini.

Maandishi nayo yana kisa hicho hicho. Andika jina kwenye nailoni inayopenya nuru, ulishike mbele yako uweze kulisoma, kisha tazama kwenye kioo kupitia nyuma yake bila kuligeuza: litasomeka vizuri. Jina la kwenye fulana husomeka kinyume kwa sababu tumeligeuza sisi wenyewe kulielekeza kwenye kioo. Wanaoandika maneno kinyume mbele ya magari ya wagonjwa wanategemea hilo, ili dereva aliye mbele ayasome sawasawa kwenye kioo chake cha kutazamia nyuma. Kazini kwako jambo hili huleta hasara ndogo ndogo: mteja anatazama kioo na kusema "punguza hapa kushoto", wewe unaweka pini upande mwingine. Mwambie aguse mwilini kwa mkono wake, usifuate anachoonyesha kwenye kioo.

Turudi kwenye uamuzi. Njia ya kwanza haina gharama: teremsha kioo ulichonacho hadi ukingo wa chini uwe sentimita 70, wa juu utafika 160. Mteja wa sentimita 160 atajiona wote. Wa sentimita 150, mwenye macho kwenye 139 hivi, ataona hadi sentimita 1 tu kutoka sakafuni. Atakayepata shida ni mrefu: mtu wa sentimita 175, mwenye macho kwenye 164, atajiona hadi sentimita 156 tu, yaani hadi karibu na kidevu, na itabidi ainame kidogo aone uso. Kwa maoni yangu huo ni msamaha unaokubalika kwa fundi cherehani, kwani mteja amekuja kukagua mabega, kiuno na pindo. Uso wake anaujua. Ila kama wateja wako wengi huvaa vilemba, hesabu inabadilika, maana kilemba kinachopanda sentimita 20 juu ya utosi kinahitaji sentimita 10 za ziada za kioo upande wa juu.

Njia ya pili ni kununua kioo cha sentimita 120, kikianzia 60 na kuishia 180. Hicho kinawabeba wote, kuanzia binti wa sentimita 145 hadi mwanamume wa 185, na vilemba vya kawaida pia. Futi 6 ni sentimita 183, na zile sentimita 63 za ziada utazilipia bila kuzitumia. Kwa upana, nusu ya umbo inatosha vilevile, lakini mteja hunyoosha mikono na kugeuka ubavu, hivyo usishuke chini ya sentimita 50. Kama unayo pesa ya futi 6, ni heri uigawe: kioo cha 120, na kingine chembamba ukutani pembeni, vikutane kwa nyuzi 90. Pale vinapokutana mteja atajiona bila ule ugeuzaji tuliouzungumza, yaani kama wengine wanavyomwona.

Kwa kuwa ni chumba cha kubadilishia nguo, kuna wateja watakaogusa kioo kwa ncha ya kidole, wakitafuta kama kuna pengo kati ya kidole na taswira, kwa kuwa wamesikia kwamba pasipo na pengo kuna mtu anawachungulia. Pengo hilo linaonyesha tu kama tabaka la kuakisi liko nyuma ya bilauri au mbele yake, halithibitishi usalama. Kioo cha kuchungulia hufanya kazi pale tu upande wa pili penye giza kuliko upande wa mteja. Waruhusu waangaze tochi ya simu wakiwa wamekikaribia kioo na kuziba mwanga kwa viganja, na hasa waonyeshe kwamba nyuma yake ni ukuta mtupu.

Kazi ya kutundika kioo kikubwa usiifanye peke yako. Bilauri ina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo kioo cha sentimita 120 kwa 50 chenye milimita 5 kina kilo 7.5, na kikianguka kwenye chumba alichomo mtu asiye na viatu si jambo la kusimulia. Mwite fundi wa vioo aje auone ukuta wenyewe, hasa kama fremu yako imegawanywa kwa ubao laini badala ya tofali, maana plagi za ubao si plagi za tofali. Mwombe unene wa milimita 4 au 5, kingo zilizosagwa, na stika ya kushikilia vipande nyuma yake. Asipokubali kuanzia sentimita 60 kwa sababu "vioo huwekwa usawa wa uso", mpe kipande cha sabuni achore kidevu chake mwenyewe.